Namna ya Kupiga Sinema ya Garimoshi la Mfano

Wengi wenu hapa West Nile hamjapata kuliona garimoshi kwa macho. Reli iliyotoka Tororo ilifika Soroti mwaka 1929, baadaye ikasogezwa kupita Lira na Gulu, na mwaka 1964 ikafika Pakwach, kwenye mto Nile. Hapo ikakoma. Haikupanda Arua, wala Koboko, wala huku kwetu Lobule. Tena ni miaka mingi sasa tangu abiria wa mwisho ashuke garini pale Pakwach. Wanaojua mngurumo wa garimoshi ni wazee wetu, hasa wale waliokwenda zamani kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi.

Mimi nimejenga garimoshi la mfano nyumbani kwangu Lobule, na kila wakati wa kiangazi hulipiga picha za sinema kwa simu ya mkononi. Vijana kadhaa wa shule yetu wamekuja kuuliza namna ya kufanya, maana wao nao wana magari yao ya waya na makopo, lakini wakiyapiga picha huonekana kama vitu vya kuchezea tu. Nitawajibu hapa. Nawaomba mliangalie jambo hili kwa uzito wake: kwa mtoto ambaye hajaona garimoshi, sinema hii ndiyo garimoshi lenyewe. Akiliona linarukaruka kama panzi, ataamini kwamba ndivyo lilivyo.

Kwanza shikeni kipimo, kwa kuwa bila kipimo hakuna hesabu, na bila hesabu hakuna sinema. Kipimo changu ni 1 kwa 50. Reli zetu za Afrika Mashariki za zamani zina upana wa meta moja, kwa hiyo reli zangu zina upana wa sentimeta 2. Nimezifanya kwa waya mnene wa ua, na mataruma ni vijiti vya mianzi vilivyopasuliwa. Kokoto za reli nimezipata kwa kuchekecha murram: jiwe la kweli la sentimeta 5 kwangu ni chembe ya milimeta 1. Chini ya hayo yote ziko mbao mbili za futi 14, zimelazwa ubavu kwa ubavu.

Injini yangu ni mfano wa Garratt aina ya 59. Zilijengwa injini 34 za aina hiyo na kampuni ya Beyer, Peacock huko Manchester, Uingereza, zikaanza kuja kwetu mwaka 1955, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ile iitwayo Mount Gelai, namba 5918, ingaliko katika makumbusho ya reli Nairobi. Uzito wake ni kama tani 250 na urefu wake hukaribia meta 32. Ukigawanya kwa 50 wapata sentimeta 63. Anayejua reli ataniuliza, Je, injini nzito namna ile ingeweza kupita reli nyepesi za kaskazini mwa Uganda? Isingeweza. Kazi yake ilikuwa hasa kati ya Mombasa na Nairobi. Nimeichagua kwa sababu naipenda, na mtu akijenga kwa makopo yake mwenyewe ana ruhusa ya kupenda.

Sasa tuje kwenye mwendo, maana hapa ndipo sinema nyingi huharibikia. Garimoshi la mizigo linalopanda mlima huenda kama kilometa 30 kwa saa. Hiyo ni meta 8 na theluthi kwa sekunde. Gawanya kwa 50: unapata sentimeta 17 hivi kwa sekunde. Angalia rula yako uone jinsi mwendo huo ulivyo mdogo. Mtu akisukuma garimoshi lake kwa mkono, kwa kawaida huenda meta nzima kwa sekunde, yaani kilometa 180 kwa saa kwa kipimo changu, na hakuna injini ya moshi ya meta moja iliyopata kukimbia hivyo katika nchi hizi.

Mimi sina mota. Garimoshi langu huvutwa na mshipi wa kuvulia samaki, ule mwembamba usioonekana, uliofungwa chini ya injini na kupita katikati ya reli hadi mwisho wa ubao. Huko umezungushwa kwenye kopo dogo la nyanya lenye mkono wa kuzungushia. Upana wa kopo ni sentimeta 5 na nusu, kwa hiyo mzunguko wake ni kama sentimeta 17. Basi kazi ya mvutaji ni kuzungusha mara moja kwa kila sekunde, akihesabu kimoyomoyo au akisikiliza saa ya ukutani. Mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Ila msitumie uzi unaonyumbuka, kwa sababu gari litasimama kidogo kisha liruke.

Kitu kizito hakianzi kwenda mara moja. Kama mmeona lori lililojaa tumbaku likianza kupanda mlima, mnajua. Garimoshi huchukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa injini huvuta behewa la kwanza, kiungo kikakaza, kisha la pili, kisha la tatu, mpaka la mwisho. Kwa hiyo katika viungo vya mabehewa yangu nimeacha nafasi ya milimeta moja au mbili, na ndani ya kila behewa nimetia betri za tochi zilizokufa ili liwe zito na lisitetemeke. Mvutaji huanza polepole sana, mzunguko mmoja kwa sekunde tano au sita, kisha huongeza. Sekunde zile za mwanzo ndizo hunipendeza kuliko zote. Mzee mmoja jirani yangu, aliyepata kusafiri kwa garimoshi akiwa kijana, alipoziona alinyamaza kwanza, kisha akasema, “Hili sasa lina mzigo.”

Simu nyingi za siku hizi zaweza kupiga picha 120 au hata 240 kwa sekunde, badala ya 30 za kawaida, na sinema ikichezwa mambo yote huonekana yakienda taratibu. Vijana hulipenda sana jambo hili, lakini wachache hujua sababu yake. Kitu kikianguka kutoka kimo cha meta 4 huchukua karibu sekunde 0.9 kufika chini. Katika mfano wangu kimo hicho ni sentimeta 8, na kitu huanguka kwa sekunde 0.13 tu, maana mvuto wa dunia haukubali kupunguzwa kwa kipimo chetu. Ili kianguko kile kidogo kionekane cha kweli, lazima kipunguzwe mwendo mara 7, ambayo ni karibu sawa na kipeuo cha pili cha 50. Picha 240 kwa sekunde zikichezwa kwa 30 hupunguza mara 8, basi tumekaribia sana. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha gunia linaanguka kutoka behewani, tumia 240. Lakini kumbuka kwamba garimoshi nalo litapunguzwa mara 8, hivyo sharti livutwe mara 8 zaidi, meta 1 na zaidi kwa sekunde, na ubao wote utakwisha kabla hujapepesa macho. Mimi kwa garimoshi linalopita tu hutumia mwendo wa kawaida, na ile 240 naiweka kwa mambo madogo yanayoanguka au kuyumba.

Mahali pa kuweka simu ni fundisho jingine. Mtu akisimama kando ya reli, macho yake yako meta 1.6 juu ya ardhi. Kwa kipimo cha 1 kwa 50 hiyo ni sentimeta 3.2. Basi lenzi ya simu iwe kimo hicho juu ya ubao, si zaidi, kwa maana ukiipandisha sentimeta 30 umempandisha mtazamaji meta 15 angani, naye ataona paa za mabehewa kama ndege aonavyo. Katika simu nyingi lenzi iko pembeni juu, kwa hiyo ipindue simu kichwa chini ili lenzi ikaribie ubao. Isipojigeuza yenyewe, picha itageuzwa baadaye. Usiishike mkononi. Mtikisiko wa milimeta 2 kwenye mfano ni sawa na sentimeta 10 kwenye gari la kweli. Ishindilie kwenye mfuko mdogo wa mchanga, itatulia kama jiwe.

Hali kadhalika, simu nyingi haziwezi kuona wazi kitu kilicho karibu kuliko sentimeta 10 hivi, basi jipeni nafasi. Kabla garimoshi halijaja, weka kizibo cha soda juu ya reli mahali injini itakapopita, bonyeza picha ya kizibo hicho kwa kidole na ushikilie mpaka simu ikubali kukaa hapo, kisha ondoa kizibo. Usipofanya hivyo simu itahangaika kutafuta katikati ya sinema, na kila mtu ataona. Tena, ule mtindo wa simu wa kufifisha nyuma ya kitu, unaopendwa kwa picha za harusi, msiutumie hapa kabisa. Macho yetu yamezoea kwamba kitu kikubwa kilicho mbali huonekana chote wazi, bali kidogo kilicho karibu huwa na ukungu mbele na nyuma. Lenzi ndogo ya simu huona wazi karibu na mbali pamoja, na kwa kazi yetu hiyo ni bahati ambayo wenye kamera kubwa hawana.

Wapi pembeni mwa reli? Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walikwisha kutujibu zamani. Sinema yao ya garimoshi likiingia stesheni ya La Ciotat, iliyoonyeshwa kwa watu mwaka 1896, huchukua kama sekunde 50 tu, na kamera haisogei hata kidogo. Waliiweka kwenye jukwaa la abiria karibu na reli, ikitazama kwa mshazari, hivyo injini huanza kama nukta mbali na kukua mpaka inajaza pembe ya picha. Watu husimulia kwamba watazamaji walikimbia kwa hofu, lakini waliochunguza habari hizo wanazitilia shaka. Jaribuni kwanza sinema kama ile: kamera moja, mahali pamoja, sekunde 50. Acha sekunde chache za reli tupu mwanzoni, na usikate mpaka behewa la mwisho limetoka. Mkishaiweza hiyo ndipo muunganishe picha mbili tatu, na hapo shikeni sharti moja: kaeni upande mmoja wa reli. Ukiruka upande wa pili, garimoshi lililokuwa likienda kulia litaonekana linarudi kushoto, na mtazamaji atadhani ni magari mawili yatakayogongana.

Kwa mwanga, sisi wa Lobule tumebarikiwa. Mimi huutoa ubao nje. Dunia ina jua moja na kila kitu kina kivuli kimoja. Taa mbili chumbani huleta vivuli viwili, na siri imefichuka. Lakini jua la saa sita mchana halifai, kwa sababu sisi tuko karibu na Ikweta na jua husimama utosini: paa hung'aa, na magurudumu, ambayo ndiyo uzuri wa garimoshi, hukaa gizani. Pigeni picha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Karatasi nyeupe ikisimamishwa upande wa kivuli hurudisha mwanga kidogo chini ya mabehewa. Na kama ni lazima kupiga ndani kwa taa za umeme wa mjini, picha zaweza kuwayawaya, maana umeme wetu hupigapiga mara 50 kwa sekunde. Ukiweza, weka simu kwenye picha 25 kwa sekunde, itatulia.

Kuwa nje kuna faida nyingine kubwa. Ubao wangu nauweka juu ya ukuta mfupi, na nikiinama mpaka lenzi inapolingana na ukingo wa ubao, yale yaliyo chini ya ukuta hupotea na vilima vya kweli huonekana nyuma ya garimoshi dogo. Mwezi wa Januari nyasi zinapochomwa na vumbi liko hewani, vilima hivyo hufifia kuwa rangi ya buluu, na ubao wa futi 14 unakuwa nchi nzima. Hakuna mchoraji awezaye kunifanyia hivyo.

Na hapa pana jambo ambalo nataka mlisome kwa makini. Sinema yangu moja, fupi, garimoshi likipita na vilima vyetu nyuma yake, ilianza na maandishi kwamba huu ni mfano. Mtu fulani akayakata maandishi hayo, akaipeleka kwa wengine, na baada ya wiki mbili ikarudi kwangu kwenye simu ikiwa na maneno mapya: reli imefika Koboko. Siku ya pili yake mama mmoja jirani, ambaye shamba lake la mihogo liko bondeni, alikuja kuniuliza kama ni kweli wapimaji wanakuja, na kama yeye atalipwa au atafukuzwa. Alikuwa hajalala. Nilimpeleka kwenye ubao, nikampa mkono wa kopo azungushe mwenyewe. Alicheka, lakini nilimwona alivyoshusha pumzi.

Tangu hapo maandishi ya mwanzo peke yake hayanitoshi, kwa kuwa kilichobandikwa kwaweza kubanduliwa. Kwenye stesheni yangu kuna kibao kimeandikwa MFANO 1:50, kikubwa kiasi cha kusomeka katika kila picha. Tena, karibu na katikati ya kila sinema mkono wa mtu huingia na kuweka gunia dogo juu ya behewa. Wako marafiki waliosema mkono ule unaharibu uzuri. Mimi naona kinyume: mtazamaji aliyekwisha kusadiki, akiona vidole vikubwa vinashuka kutoka mbinguni, hushangaa mara mbili. Na hakuna awezaye kuukata bila sinema kuruka.

Kuna vitu ambavyo havikubali kuwa vidogo, navyo ni maji, moshi, moto na vumbi. Tone la maji lina ukubwa wake, hata ukilimwaga kwenye mto wa sentimeta tatu. Wakubwa wa sinema nao hulijua hilo. Mwaka 1951 John Huston alipotengeneza The African Queen alikuja na mashua ya kweli mpaka Butiaba na Murchison Falls, si mbali na Pakwach yetu, lakini baadhi ya picha za mashua ikishuka maporomoko zilipigwa kwa mashua ndogo ya mfano ndani ya tangi la maji London. Itazameni kwa makini povu lake, mtaona. Kwa sababu hiyo siwashi ubani ndani ya bomba la injini, ingawa wengi hunishauri. Moshi ule hupanda kama uzi na kujikunja, jambo ambalo moshi wa injini ya tani 250 haufanyi. Garratt hizo zilichoma mafuta, si makaa, na dereva na mchochea moto waliojua kazi hawakuacha moshi mwingi ovyo. Garimoshi lisilo na moshi huaminika kuliko lenye moshi wa uongo.

Sauti niliirekodi mbali na picha. Kila Garratt ni kama injini mbili chini ya tanki moja la mvuke, na kila moja hupumua mara nne kwa mzunguko mmoja wa magurudumu yake. Magurudumu makubwa ya aina ya 59 yana mzunguko wa meta 4.3. Kwa mwendo wa kilometa 30 ni mizunguko miwili kwa sekunde, yaani pumzi nane, na hakuna mkono wa mtu unaoweza kuzipiga sawasawa. Lakini wakati wa kuondoka stesheni, kwa mwendo wa mtu anayetembea, ni pumzi moja tu kwa sekunde. Hiyo yawezekana: brashi ngumu ya kufulia juu ya kipande cha bati. Tuliweka vijana wawili, kila mmoja na brashi yake, kwa sababu injini mbili za Garratt hazikufungwa pamoja. Mara hupumua kwa pamoja, mara moja hutangulia nyingine, kisha hukutana tena. Niliwaambia vijana wasijaribu kulingana, na walipozembea kidogo ndipo ilipokuwa sawa kabisa.

Msitengeneze sinema ndefu. Dakika mbili zatosha, na yenye dakika mbili hupelekwa kwa rafiki bila kumaliza fedha zake za intaneti. Zile asilia zihifadhini kwenye kadi ya kumbukumbu, na kadi ikae mbali na vumbi.

Mvua zikianza ubao huingia ndani, na sasa najenga kipande cha pili, chenye mto. Nimekwisha kusema maji hayapungui, lakini Nile pale Pakwach ni pana na tulivu, haina povu, na ukiitazama kutoka chini ukingoni huoni maji bali mbingu iliyolala. Basi nimechukua bati tambarare, nikalipaka rangi ya kijani kibichi iliyochanganywa na nyeusi, kisha vanishi tabaka nne, nikiacha kila tabaka likauke siku nzima ndani ya sanduku lililofunikwa ili vumbi lisiingie. Magugu maji ni majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakapakwa rangi. Daraja bado.